Mapasa ya Chuma ku Biro ya Adalbert

Siku ya kazi moja, tarehe 3 ya mwezi wa tano, 1954

Siku mubaya! Asubui ku robine, pale tunatekaka mayi, mama Stanislas alinipita mbele na ndoo yake, shingo juu sawa bata. Akasema kwa sauti ya banamuke bote kusikia: ku biro ya mizigo ya reli balileta mashini ya kuhesabu, inatoka Ulaya, iko na bongo kupita bantu. Na mutoto yake Stanislas njo balimuchagua kuifungua asubui na kuifunga jioni. Kisha akanigeukia. Pole, mama Adalbert, dada yangu. Siku ya kuhama tutakusaidia kufunga bintu.

Kufunga bintu! Miye! Victorine Mwenze, niliyesoma miaka mitatu kwa bamasere ba misioni! Mama ya mapasa, babili kwa tumbo moja! Mama ya Adalbert Kabwe, anayehesabu kilo za mawago makumi ine na kichwa tupu, bila kalamu, macho yamefungwa, na anakula karanga wakati uleule!

Nilimujibu kwamba Stanislas anajua sana mambo ya kufungua na kufunga, juu miaka yote ya masomo mwalimu alimuweka ku mulango. Banamuke balicheka mpaka mayi ikamwangika. Nilirudi nyumbani na heshima yote. Ndoo nilisahau kule.

Saa sita Adalbert alikuja kula. Ni kweli. Bakarani ni sita, batabaki babili. Siku ya posho, mwisho ya juma, Bwana, muzungu wa biro, atabachagua. (Bantu banamwitaka Bwana Pole-Pole. Anasemaka pole pole, lakini anataka bintu biishe mbio.) Asiyechaguliwa atarudisha kazi, na nyumba pia, juu nyumba ni ya kampani. Nyumba yangu! Nimeipaka chokaa mara tatu na mikono yangu miye mwenyewe!

Adalbert alisema kintu kimoja tena, akapita nacho bila kujua uzito yake. Mashini iko mbili. Zilitoka mu kesi moja ya mbao, siku moja.

Tumbo moja! Mapasa!

Siku ya kazi mbili, tarehe 4

Nilimuuliza Adalbert: ile mashini iko muntu? Alicheka mpaka tonge ya bukari ikamukaba. Akasema hapana, mama, inahesabu lakini haijui kama inahesabu. Nikamuuliza: uliiuliza? Akakunywa mayi. Basi unajua namna gani? Akasema mashini haiwezi kujibu. Nikasema baba yako pia hajibu tangu vita iishe, na iko muntu. Léonard, bwana yangu, alitoa kiko mu kinywa, akatuangalia, akairudisha. Unaona!

Nikaenda kwa padri. Padri alisema roho inatoka kwa Mungu, haitoki mu fabriki. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba si zamani sana bazungu balisema hata siye hatuko na bongo, na leo mutoto yangu anabahesabia kilo. Kwa hiyo mu mambo ya bongo afazali mutu asiseme mbio. Padri alikohoa. Akaniuliza habari ya Angélique, pasa ya Adalbert, kule Kipushi kwa bwana yake. Nikasema mimba mbili mpaka sasa, zote bizuri, asante padri.

Ku robine mama Stanislas anasema siku moja ile mashini itakaa ku kiti ya Bwana na kubaamuru bazungu. Hapo sikumubishia. Nilirudi mu jikoni nikaiona vile, na kofia nyeupe ya Bwana, inabapigia bazungu kelele. Nilicheka pekee yangu. Lakini nikafikiri tena: kama inapita bantu bote mu akili, itamuheshimu nani? Iko na mama wapi, wa kuivuta sikio?

Kisha Adalbert akanipa dawa bila kujua. Alisema Bwana anatumikisha moja tu. Ingine inakaa pembeni, imefunikwa nguo.

Imefunikwa nguo! Sawa maiti! Na mwenzake anasifiwa!

Kila mama ya mapasa anajua. Ukimupa mumoja karanga tatu, mwingine karanga tatu. Ukicheka na mumoja, cheka na mwingine. Kama hapana, yule uliyemusahau anakasirika na kuharibu nyumba yote. Kwa hiyo kazi ni rahisi. Kama mashini iko na bongo, iko na wivu. Nitazigombanisha. Zitaharibiana, na Bwana atakimbilia kichwa ya Adalbert.

Miye si wa kuchezea.

Siku ya kazi tatu, tarehe 5

Nimefanya!

Nilienda ku biro na bakuli ya sombe, majani ya mihogo, eti ya Adalbert. Mwape, mulinzi wa mulango, akaniuliza kama ninamunenepesha mutoto juu ya Noeli. Nilimupa sombe kidogo. Akafungua, akasema mama, pita, pita, biro ni ya baba yako.

Saa ya kupumzika, bakarani inje. Nikaingia. Zote mbili pale! Nyeusi, meno mingi, mukia murefu inaingia mu ukuta. Nikafunua ile ya nguo. Nikaiita kipenzi yangu. Nikaiwekea karanga tatu ku kichwa, nikaiimbia wimbo ya mapasa. Maneno siandiki hapa, juu mamasere wa foyer, masomo ya bamama, alitupa hizi kaye za kuandika na mara ingine anazisoma. Lakini mama ya mapasa iko na ruhusa. Anaweza kutukana hata sultani, na sultani anacheka.

Kisha nikamugeukia yule wa kazi. Mikono tupu. Nikamwambia anakula karatasi sawa mbuzi. Nikamwambia kama anajua kuhesabu, ahesabu meno yake aone aibu. Nikamwambia mambo ya tumbo ya mama yake. Nikapiga meza na ngumi.

Ting!

Kengele! Karatasi ikatoka mu kinywa yake, sifuri saba, moja nyuma ya ingine. Ilinijibu! Sikungoja ya nane. Kiatu kimoja kilibaki mu biro. Mwape alinifuata nacho mpaka barabara, akaniuliza nani ananikimbiza. Nikasema hakuna, tulikuwa na mazungumuzo.

Siku ya kazi ine, tarehe 6

Hakuna ugomvi. Hakuna hata kidogo! Mashini ilimaliza kazi ya juma nzima mbele ya saa ine. Bwana aliipigapiga mugongo. Mama Stanislas aliimba ku robine, na sauti yake ile.

Na mabaya zaidi. Angélique ametuma habari: jino inamuuma, shavu imevimba. Na Adalbert ameanguka ku ngazi ya biro, goti damu. Bote babili! Siku moja! Mungu yangu, nilidharau pasa ya bengine, na sasa yangu njo inalipa.

Léonard alisema. Ndiyo, Léonard! Alisema jino ni jino, ngazi ni ngazi. Maneno ya mutu asiyezaa babili kwa mara moja.

Lakini angalia: kama laana ilitoka kwa mashini, basi mashini ilisikia. Na kama ilisikia, iko na roho. Nilikuwa na haki! Niliogopa na kufurahi pamoja.

Kesho nitatengeneza.

Siku ya kazi tano, tarehe 7

Nilienda kutengeneza. Sombe tena kwa Mwape. Alisema juma hii anakula kupita Adalbert.

Nilibeba unga mweupe wa mihogo, wa kubariki mapasa, na chupa ya munkoyo, kinywaji ya mahindi, niliyoitengeneza miye mwenyewe, ya siku tatu, tamu na kali kidogo. Nikaomba samahani kwa zote mbili. Unga ku paji ya uso, huku na huku. Munkoyo mu kinywa, pale karatasi inatokeaka, kijiko sita na kijiko sita. Sikupendelea hata moja. Moyo yangu ilikuwa mwepesi sana. Nilimuaga kila mumoja.

Jioni Adalbert alirudi na uso ya majivu. Saa nane Stanislas aliamusha mashini. Ilianza kusema bibaya. Wago moja ya mahindi ilikuwa nzito kupita mulima. Wago ingine haikuwa na kilo hata moja, na bantu baliona mbuzi ndani yake, zinabalilia. Kisha ting ting ting bila mutu kuigusa, moshi kidogo, harufu ya mukate, kimya. Balijaribu ile ingine. Kimya pia. Bwana Pole-Pole alikuwa mwekundu mpaka masikio. Akauliza nani iko na ufunguo. Stanislas. Akamwambia kesho akuje kurudisha ufunguo, na kazi.

Mama Stanislas alikuwa ku robine. Ndoo yake ilijaa, ikamwangika, hakuiona. Aliniona, akasogea, akanipisha mbele. Pita, mama Adalbert. Hakunitukana hata neno moja.

Sikupenda. Heri angenitukana.

Siku ya posho, tarehe 8

Asubui nilimwambia Adalbert yote. Alikamata kichwa na mikono mibili. Mama! Mama! Leo njo siku ya kuchagua! Ngoja hata mpaka saa sita! Nikamwambia Stanislas pia iko na mama. Adalbert akafunga kravati, akanitangulia ku njia.

Ku biro nilisimama mbele ya Bwana na bakarani bote. Nilieleza kila kintu, na mapasa, na karanga, na kijiko sita. Matusi nilipunguza. Bwana akasema na Kiswahili yake: wewe natia pombe ndani ya mashini? Nikasema munkoyo, Bwana, ya siku tatu tu. Na kwa sababu alikuwa ananisikiliza, nikamwongezea elimu. Ilisema uongo juu ya mbuzi. Ilipiga kelele bila sababu. Ilinuka. Ikalala. Hiyo yote ni ulevi, na Léonard alifanyaka vile kila mushahara. Sasa kintu kisicho na kichwa kinalewaka namna gani?

Bwana alifungua kinywa. Haikutoka kintu, hata sifuri.

Wakati uleule gari ya moshi ikapiga firimbi. Mawago makumi ine na tatu, na karatasi ya kilo haijafanywa! Mashini zimelala. Bwana anatokwa jasho. Adalbert hakuomba ruhusa. Alikaa, akafunga macho, akamwambia Stanislas amusomee. Stanislas anasoma, wago kwa wago. Vidole vya Adalbert vinacheza ku goti lake la kidonda. Nilitamani kumupa karanga. Mbele ya firimbi ya pili akataja jumla. Gari ilienda. Bwana akakaa chini na kalamu yake, yee mwenyewe, nusu saa nzima. Akapata ileile!

Mutoto yangu! Nililia mbele ya bazungu.

Bwana akasema Adalbert na Stanislas njo batabaki, kuhesabu na kichwa mpaka fundi atoke Léopoldville, na nyuma yake kulinda mashini. Kisha akainua kidole, akasema pole pole: hii mama kama anapita mulango tena, Adalbert anatoka kazi. Siku ileile. Akaandika karatasi, Mwape akaipigilia musumari ku mulango: Mama Adalbert asipite.

Ku njia Adalbert alinitangulia mpaka tulivuka reli. Kisha akaanza kucheka, akashindwa kutembea. Akasema mama, unanitetea karibu kuniua. Akasema umeona sasa, haikukasirika, haikufurahi, haijui kama inahesabu. Nikamuuliza: na weye, pale ulifunga macho, ulijua kama unahesabu?

Akafikiri. Akasema hapana, mama. Hapo sikujua kintu. Namba zilikuja zenyewe.

Ee!

Ku soko nilibaambia bote kwamba Adalbert alishinda mashini mbili kwa mara moja. Munkoyo sikutaja. Habakuniuliza.

Siku ya kazi moja, tarehe 24

Fundi alikuja, akafungua, akaosha, akanusa, akacheka. Mashini zinatumika, zote mbili sasa! Moja ya Adalbert, moja ya Stanislas. Jino ya Angélique imepona. Goti pia. Miye na mama Stanislas tunabishana kila asubui ni ya nani mukubwa. Ya Adalbert, bila shaka. Njo ilitangulia kutoka mu kesi, kichwa mbele.

Adalbert ameniapisha juu ya rozari: mama, ukiona ule mulango, geuka. Niliapa. Kazi yake, nyumba yetu, chokaa yangu, yote iko pale. Sitacheza na kazi ya mutoto. Hapana! Nimekomaa.

Lakini leo mama Stanislas amekuja mbio mpaka mu jikoni yangu. Mashini mupya imefika! Mukubwa, sawa kabati. Imekuja pekee yake, hakuna mwenzake, na balimuweka pembeni, nyuma ya mulango, hakuna mutu alimusalimia. Tuliangaliana. Mutoto anayefuata mapasa! Bamama bote banajua: huyo njo anapitaka mapasa yote mibili kwa nguvu ya kichwa, na kama haukumupokea bizuri siku ya kwanza, atabapita bantu bote na hatabasalimia. Na bazungu banajua nini juu ya hiyo? Hata kidogo!

Nilienda kusoma ile karatasi ku mulango, kutoka mbali, ngambo ya barabara. Niko na masomo, nilisoma neno kwa neno. Mama Adalbert asipite. Njo hivyo tu.

Lakini miye nilizaa babili siku moja. Kesho saa sita ni mama Angélique njo anaenda kusalimia mutoto.