Cheti cha Binti Yangu na Kivuli cha Kijiko

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi

YAH: KURUDISHA CHETI CHA BINTI YANGU, FUNDI MITAMBO

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Mimi si mzima sana, na sababu ni wewe.

Mimi ni dereva wa trekta la ushirika wetu wa wafugaji. Ni trekta dogo, lenye kijiko mbele cha kubebea samadi, majani na kokoto. Kwa miaka kumi na tisa ufunguo wake umelala mfukoni mwangu, na lenyewe limelala uani kwangu. Miaka miwili iliyopita niliwaletea binti yangu, mtoto mwenye adabu zake. Mwezi uliopita mkanirudishia fundi. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu, chini ya kijiko kilichoinuliwa kikiwa kimejaa kokoto, mahali hasa ambapo fundi wenu amenikataza kukaa. Kwa nini nimepachagua hapa, utaelewa mbele ya safari. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kijiko kilikuwa kikipanda kwa kusuasua, na kikishapanda kinashuka chenyewe taratibu, kama mzee anayesinzia kibarazani. Dawa yake naijua: unakanyaga mafuta mpaka moshi utoke, unaigonga pampu kwa spana mara mbili, unalisema trekta kidogo. Binti yangu aliikataa dawa hiyo. Akaniuliza kwanza kama nimepima oili ya kuinulia kijiko. Mheshimiwa, mpishi wa miaka kumi na tisa haulizwi kama ameweka maji kwenye sufuria. Hata hivyo nilipima mbele yake, na kijiti cha kupimia kikatoka kimelowa hadi alama ya juu. Nikadhani yamekwisha.

2. Hayakwisha. Aliliondoa trekta mahali pake. Tangu lije, mimi huliegesha kwenye kimwinuko cha langoni, pua juu, matako chini, ili kila apitaye barabarani auone uso wake. Yeye akalipeleka kwenye sakafu ya saruji mbele ya banda, palipo bapa, akateremsha kijiko, akazima injini, akapima upya. Kijiti kikatoka kikavu. Akasema kwamba pale kimwinukoni oili yote hukimbilia nyuma kiliko kijiti, kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikidanganyika. Naomba chuo kitafakari jambo hili kwa makini: kabla ya mafunzo yenu oili ilikuwa imejaa, baada ya mafunzo yenu haipo. Ni nani basi aliyeimaliza?

3. Alipojaza oili, pampu ikaacha kulia. Kwa ule mlio wake mke wangu alikuwa akijua nimefika kwenye kona, akabandika chai. Sasa naingia kwangu kimya kama mwizi, na chai haipo.

4. Paipu moja inayopeleka oili kwenye mikono ya kijiko ilikuwa ikitoka jasho. Afanyaye kazi hutoka jasho. Nilikuwa nimeifunga vizuri kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na kila jasho lilipozidi niliongeza tabaka. Binti yangu alivikata vyote kwa kisu, akakuta paipu imechanika na nyaya za ndani zimetokeza. Akaniambia, "Baba, hili tundu hukuliziba. Umelivika nguo." Ningependa kujua maneno haya yamo katika somo gani.

5. Uani kwangu hakuna mti. Kwa miaka kumi na tisa nimekunywa chai ya mchana chini ya kivuli cha kijiko, na hakijawahi kunidondoshea hata vumbi. Fundi wenu anasema kijiko hakiachwi juu injini ikishazimwa, sembuse chenye paipu kama ile. Alichora mstari wa chaki kulizunguka trekta, akasema mtu asiuvuke mpaka alete paipu mpya. Nikauvuka. Akaja mbele ya mwenyekiti wa ushirika na wajumbe wawili, akaniambia, "Baba, toka hapo. Nakuomba." Sikutoka kwa hiari, nilitoka kwa aibu. Mheshimiwa, mtoto huyu mimi ndiye niliyemshika mkono kumfundisha kuvuka barabara.

6. Mwenyekiti, badala ya kumkemea, alimuuliza trekta litakuwa tayari lini. Nilikuwa nimesimama katikati yao, naye akainama pembeni ili amwone vizuri. Jumamosi wana kikao cha kuamua ufunguo ukae kwa nani. Hapa sina mzaha hata kidogo: wakiuchukua ufunguo ule, sijui asubuhi nitakuwa naamkia nini.

Kwa hiyo leo, alipokwenda kutafuta paipu, nimelitoa trekta, nimechota kokoto, nikalirudisha ndani ya mstari wake wa chaki, gurudumu kwa gurudumu, mtu asije akasema sina adabu. Kijiko kimepanda hadi mwisho bila kusita, jambo ambalo naomba lisifike masikioni mwake. Nikazima injini, nikaweka kigoda na kikombe cha chai. Tangu nianze barua hii kimeshuka kama viganja viwili tu. Hilo peke yake ni ushahidi wa kutosha.

Naomba basi cheti chake kifutwe. Naomba pia wanafunzi wafundishwe kwamba kupima oili ni hatua ya mwisho, na ya kwanza ni heshima. Tena naomba chuo kinipatie barua yenye muhuri, ikieleza kwamba kijiko hakiruhusiwi kumwangukia mtu mwenye uzoefu usiopungua miaka kumi.

Cheti chenyewe naambatanisha. Kimetundikwa sebuleni, naingia kukitoa sasa hivi.

Wasalimie walimu wote, wapishi wa bwenini, na yule mlinzi aliyenizuia langoni siku ya mahafali, eti trekta si gari la wageni.

Ni mimi, mzazi aliyevunjiwa heshima,
Dereva wa Ushirika (hadi Jumamosi)

Nyongeza: Cheti sikiambatanishi. Mama yake alikipigilia kwa misumari minne, na nilikuwa bado nahangaika na wa tatu paipu ilipopasuka. Nilisikia kishindo tu, redio ikaanguka kutoka mezani, na cheti kikang'oka na misumari yake mkononi mwangu. Kigoda changu sasa ni vibanzi. Kikombe hatujakiona.

Nilipofika mlangoni, binti yangu alikuwa amesharudi na paipu mpya. Alikuwa ameona kijiko kiko chini, oili imetapakaa, na mguu mmoja wa kigoda umechomoza kwenye kokoto. Mimi alikuwa hajaniona. Alikuwa amekaa chini, juu ya mstari wake wa chaki, ameikumbatia ile paipu. Nikakohoa. Akageuka, akaniona na cheti mkononi na misumari yake, akasema, "Shikamoo, Baba." Nikakiweka cheti chini kwanza, ndipo nikaitikia marahaba.

Malalamiko yote nayafuta, isipokuwa la tatu, maana chai kweli inachelewa. Barua naituma hivi hivi ilivyo, kwa sababu nimechoka kuyavika matundu nguo. Jumamosi ufunguo nitampa binti yangu mimi mwenyewe, kabla kikao hakijafunguliwa. Kigoda kingine ameshaniahidi, na mahali pa kukiweka ameshapachorea chaki: ng'ambo ya ua, ukutani, kwenye jua tupu. Leo chai nimeinywea huko.