Lango Kwanza, Vyoo Baadaye

Jumatatu, 3 Agosti
Barua imefika. Kamati inakuja Jumamosi kukagua, kisha iamue: nibaki msimamizi wa kambi hii ya vijana, au nafasi apewe mpishi wetu, Mama Jiko. Mpishi! Miaka sita naisimamia kambi kila likizo, leo nashindanishwa na mwiko! Kila mmoja wetu alete mpango wa maboresho. Wangu ninao kichwani: lango. Nguzo nne, paa, saa kubwa, na nafasi ya jina la msimamizi. Nimemwomba shemeji, kaka yake mke wangu, ambaye ni seremala, anichoree. Kasema yeye huchora viti tu. Nimemwambia lango ni kiti kilichosimama. Amenitazama sana.

Jumanne, 4 Agosti
Mama Jiko amewauliza vijana wanataka nini. Vijana! Tangu lini? Wote themanini wamesema kitu kimoja: makomeo ya vyooni. Kweli, milango ya vyoo haina makomeo, yaling'oka zamani. Hapa kwetu ukiingia chooni unaimba, wenzako wajue kuna mtu. Ukinyamaza, utafunguliwa. Utaratibu mzuri tu, mimi mwenyewe naimba besi. Nikamwambia hakuna kamati iliyowahi kushangilia komeo. Akanijibu kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mbele ya wasaidizi wake! Nimekosa hamu ya kula, ingawa nimekula.

Alhamisi, 6 Agosti
Mazoezi ya ukaguzi. Vurugu tupu! Niko katikati ya hotuba ya lango, vyooni ikazuka kwaya ya sauti nne. Sikubali aibu hiyo mbele ya mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu, mama asiyetabasamu hata akipigwa picha. Nimebandika tangazo: Jumamosi ni marufuku kuimba vyooni. Mama Jiko akauliza, sasa mtu atajulikanaje kwamba yumo? Nikamwambia hayo ni maswali ya watu wasio na mpango.
Shemeji ameleta mchoro. Lango lina miguu minne na mahali pa kuegemea mgongo.

Jumamosi, 8 Agosti
Sitaki kuandika. Naandika.
Asubuhi kimya kitamu. Mwenyekiti akasifu nidhamu, akaomba udhuru, akaondoka peke yake. Mimi nikawachukua wanakamati watano waliobaki hadi vyooni, waone havina shida yoyote, Mama Jiko akose la kusema. Nikatega sikio. Kimya. Nikasema tazameni wenyewe, waheshimiwa! Nikavuta mlango kwa mbwembwe zote.
Mwenyekiti alikuwamo.
Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alisema tu: mlango, tafadhali. Mimi nimeganda, mkono kwenye mlango. Mama Jiko ndiye aliyekuja kuufunga.
Saa saba wakatangaza. Mama Jiko ni msimamizi, mimi msaidizi wake. Kazi yangu ya kwanza: makomeo. Miaka sita yote imekwenda na maji! Nimelia kidogo stoo, nyuma ya magodoro. Imeniuma, sitaficha.

Jumatatu, 10 Agosti
Kazini tangu saa kumi na mbili. Shemeji alitaka kupigilia makomeo kwa ndani. Ndani atayaona nani? Kazi isiyoonekana haina shukrani. Nimeyaweka nje yote manane, yanang'aa hadi barabarani. Tena nimewaagiza vijana: ukipita ukakuta komeo limeachwa wazi, lifunge, nadhifu ni nadhifu. Wametii kuliko siku zote.
Bosi mpya katoka ofisini saa tatu, kasema anakwenda mara moja kukagua kazi yangu. Sasa saa tano na nusu. Hajarudi! Simu yake inaita juu ya meza, wasaidizi wake jikoni wanauliza wapike nini, hakuna wa kuwajibu. Nako vyooni kuna mtu anagonga mlango bila adabu tangu asubuhi, mpaka nimefunga dirisha nipate utulivu. Haya, uongozi wenyewe ndio huo! Namwandikia mwenyekiti barua leo leo: msimamizi mliyemchagua haonekani kazini.