Spika Zangu na Debe Tupu

Jumapili, tarehe 2 Machi

Hawakuja. Jumapili ya tatu hii. Kuku mzima nimemla peke yangu, na mapaja yote mawili, ambayo siku zote ni ya wajukuu. Nimekula kwa hasira. Sasa tumbo linataka maelezo.

Najua walipo. Wako kwa mama wa mke wa mwanangu, mtaa wa pili. Usoni namwita mkwe. Humu daftarini namwita Bibi Ngurumo, maana tangu anunue zile spika mbili ndefu za sebuleni, madirisha ya mtaa mzima hayajatulia. Wajukuu wanacheza pale tangu asubuhi. Mwanangu anatikisa mguu, mkewe anatikisa bega. Mimi huku natikisa kichwa.

Jioni mwanangu alipita kunisalimia. Akasema eti mama usinune, watoto wanapenda muziki. Nikamwambia hata kwangu kulikuwa na muziki. Nilikuimbia wewe na tumbo lako la kuumwa miaka mitatu, na hukuuliza spika iko wapi. Akacheka. Mjukuu wangu wa mwisho, wa miaka minne, alikuwa mgongoni kwake. Akanitazama sana, akamuuliza baba yake kama huyu ndiye yule bibi mwingine.

Bibi mwingine. Mimi niliyemwogesha wiki zote za kwanza, kichwa chake hakijafika ukubwa wa chungwa.

Jumapili ijayo watakula hapa. Naandika ili nisije nikajifanya nimesahau. Shule sikwenda, herufi nilizidokoa kwenye madaftari ya wanangu wakiandika kazi zao za nyumbani. Anayecheka mwandiko wangu acheke, lakini akumbuke nani alimlisha.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekwenda kwa Fundi Hakuna Shida, yule wa redio na pasi mbovu pembeni mwa soko. Jina amepewa na watu. Hata siku meza yake iliposhika moto alisema hakuna shida.

Nikamwambia nataka spika ya kumnyamazisha mkwe. Hakushangaa, nadhani si mimi wa kwanza. Akatoa kasha kubwa lenye picha ya simba aliyefungua kinywa, na nyuma ya simba ukuta unapasuka. Nikamuuliza ukuta wangu utapona? Akasema nianze na sauti ya chini kwa siku chache.

Tukabadilishana. Yeye kachukua kabati langu la nguo, mimi nimechukua simba. Nguo ziko juu ya kochi. Nguo ni nguo.

Nyumbani nimefungua kasha. Ndani kuna povu jeupe. Nikatoa povu, nikakuta povu. Katikati ya povu, spika. Ukubwa wa mkate. Nikaangalia tena kama kuna nyingine, labda huyu ni mtoto na mama yuko chini. Hakuna.

Nimeiwasha. Mwanamke wa humo ndani akasema jambo kwa lugha ya kigeni. Nikamjibu karibu. Kisha wimbo ukaanza. Mbu aliyeangukia kikombeni ana sauti nzito kuliko ile. Mshona nguo, jirani yangu wa ukuta mmoja, akapaza sauti kuniambia simu yangu inaita, nipokee.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimerudi kwa Fundi na simba wangu kwapani. Akasema hakuna shida, spika mpya ni kama mgeni, lazima izoee nyumba. Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema inategemea na nyumba.

Nimeiweka mezani. Nimeiweka juu ya rafu. Nimeiweka chini ya kitanda, kisha nikaipeleka jikoni ijue kila mahali, nikaionyesha hata choo.

Jioni imezoea. Imenyamaza kabisa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kumbe inachajiwa. Fundi anasema alidhani najua. Mtu mzima gani anadhani?

Mbu amefufuka.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo akili imenijia nikichota unga. Wahenga walisema nini? Debe tupu haliachi kuvuma. Maisha yangu yote nimetumia maneno hayo kuwasema watu wajinga, kumbe wahenga walikuwa wanafundisha ufundi. Wale hawakuwa na cheti, walikuwa na akili.

Nikamwaga unga wote kwenye foronya ya mto. Spika nikaidumbukiza ndani ya debe. Nikawasha.

Ikatoka sauti. Siwezi kusema nzuri. Kama mwanamume anayeimba chooni ana mafua. Lakini kubwa! Mshona nguo akagonga ukuta. Miaka kumi na moja tumekaa jirani, leo ndiyo mara ya kwanza kugonga kwake kumenifurahisha. Nikamjibu kwa kuongeza.

Kumbe debe likivuma linatembea. Nilikuwa naosha vikombe, nikageuka, naona debe langu linasogea mezani polepole kama mzee anayetoroka hospitali. Kabla sijafika, limeanguka. Sasa lina kishimo ubavuni, na kila wimbo una kikohozi, hata nyimbo za kubembeleza watoto.

Mchana nikajilaza kidogo. Nikasahau ile foronya ina nini. Nimeamka mweupe mpaka kope. Mshona nguo aliponiona mlangoni alisema pole, na hakuuliza chochote. Heshima yake hiyo iliniuma kuliko kucheka.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Sikukata tamaa. Kosa halikuwa kwa wahenga. Kosa ni udogo wa debe.

Nikatazama nyumba yangu. Kuta nne, juu mabati. Hili si ndilo debe lenyewe? Tatizo limejaa. Debe lililojaa halilii.

Nikamwita Fundi aje athibitishe. Akagonga kuta kama daktari anayepima kifua. Akapiga makofi katikati ya sebule, akasikiliza, akasikitika. Akasema mama, viti vyako vya sponji vinameza sauti. Mapazia yanakunywa. Zulia linalamba kilichobaki.

Nikakaa chini. Miaka yote hiyo navilisha viti sauti yangu. Ndiyo maana hakuna mtu aliyewahi kunitii humu ndani, walikuwa hawanisikii. Marehemu mume wangu nilimsingizia ukaidi, Mungu anisamehe, ilikuwa ni makochi.

Fundi ana huruma. Akakubali kunisaidia kuviondoa vyote: makochi, meza ya katikati, mapazia na zulia. Na badala yake akaniachia spika ya pili, simba yuleyule, ili wa kwanza asiwe mpweke.

Mkokoteni ulipotoka, mshona nguo alikuwa amesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Akauliza nahama au nimeibiwa. Nikamweleza habari za sponji. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye hakusomea mambo ya sauti, ila kwa hesabu yake, nyumba ya Fundi sasa lazima ina utulivu mzuri sana.

Wivu. Tena wa mtu ambaye nyumba yake imejaa vitambaa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimekutana na Bibi Ngurumo dukani. Akanisalimia kwa upole, ule upole wa mtu mwenye spika ndefu. Akasema mkwe, nasikia unahama. Nikasema sihami, napanua. Akauliza napanua nini. Nikamwambia nina spika mbili. Akaniuliza zina urefu gani.

Nikasema urefu wa spika hautazamwi, unasikilizwa.

Akasema vizuri, ila kwake kesho kuna nyimbo mpya na wajukuu wameshaahidi. Akachukua sabuni yake akaondoka, anatembea kama amebeba ukumbi wa muziki kichwani.

Nikaenda moja kwa moja kwa mke wa mwanangu. Huyu namwita binti yangu, na ni kweli, ndiye aliyenishika mkono siku ya mazishi ya mume wangu na hakuuachia mpaka saa kumi. Lakini leo nilikwenda kivita. Nikamwambia kesho saa sita mchana, kwangu, nyote, kuna kitu kinapasua kuta. Akauma mdomo. Akasema mama yake atakuwa peke yake, na atajisikia vibaya.

Nikamwambia basi mlete.

Mdomo huu. Nimefika nusu ya njia kurudi ndipo nikasikia nilichosema. Nimemwalika adui, kwenye nyumba isiyo na kiti.

Hakuna kurudi nyuma. Wakishindwa kubaki kesho, Jumapili zangu zimekwisha, na nitakufa nikiitwa bibi mwingine.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Wamekuja wote. Mwanangu alisimama mlangoni, akauliza wezi walikuja lini. Nikamwambia ingia ukae. Akauliza nikae wapi. Nikaenda chumbani, nikaleta mkeka ule mkubwa.

Watu wanane juu ya mkeka mmoja: mwanangu, mkewe, wajukuu wanne, mimi, na Bibi Ngurumo. Magoti kwa magoti. Bibi Ngurumo magoti yake hayakunjiki vizuri, kwa hiyo nilimshika kwapani nimshushe taratibu. Tukashuka wote wawili kwa pamoja, kama magunia yaliyokatika kamba. Wajukuu walipiga makofi. Tulilala pale chali tunatazamana, yeye kilemba kimemziba jicho moja. Nikamwekea sawa. Hata adui huwezi kumwacha na jicho moja.

Nikawasha simba.

Yule mwanamke wa ndani akasema maneno yake. Kisha wa spika ya pili akasema yaleyale, kachelewa kidogo, kama anamsuta mwenzake. Wimbo ukaanza, mmoja mbele, mwingine nyuma kwa neno moja, walevi wawili wanaosaidiana kufika nyumbani. Na kwa kuwa nyumba sasa ni tupu, kila neno liligonga ukuta likarudi, likapishana na linalokuja. Mjukuu wa mwisho akaziba masikio. Mwanangu alitazama mabati kwa makini sana, namjua, alikuwa anazuia kicheko.

Halafu zote mbili zikazimika. Hazikuchajiwa. Nilichaji simu.

Nikasubiri Bibi Ngurumo anipige neno moja nife. Akaitazama mikate yangu miwili, akaniuliza taratibu, mkwe, ndiyo hiyo?

Nikasema kuleni.

Kijiko kimoja kiligusa sahani, nyumba nzima ikaitikia. Mjukuu wa mwisho akasema ee. Ukuta nao ukasema ee. Akauliza nani huyo. Basi ikawa shida. Wote wanne wakaanza kuuita ukuta, wanauliza umekula, una meno mangapi, mbona unaiga. Baba yao akaingia mchezoni, akautukana kidogo kisirisiri, nao ukamrudishia mbele ya watoto.

Kisha nikawasimulia jinsi huyo baba yao alivyomeza kifungo cha shati, akakaa siku mbili anaogopa kuinama. Walicheka mpaka mabati yakacheka. Bibi Ngurumo hakukubali kushindwa, akasimulia jinsi mke wa mwanangu, akiwa wa miaka mitatu, alivyojificha ndani ya pipa kukwepa kunyolewa, wakamtafuta mtaa mzima. Mke wa mwanangu akasema hajawahi kuisikia habari hiyo. Mama yake akasema angeisikia wapi, siku hizi kwake mtu akitaka chumvi lazima asimame apunge mkono. Alisema huku anachezea ukingo wa mkeka. Nikamwongezea paja la kuku. Sijui kwa nini.

Walikaa mpaka jua likaanza kuzama. Mke wa mwanangu aliposema twendeni, mdogo alisema yeye anabaki na bibi. Hakusema yupi. Bibi Ngurumo akaitika, nami nikaitika. Nikamwacha aitike. Lakini mtoto alikuwa amelala kwenye paja langu, na mate yake yako kwenye kanga yangu.

Mwanangu akiaga alinishika bega, akasema mama, hapa tunasikilizana. Wiki ijayo tunarudi hapahapa. Na Bibi Ngurumo akasema naye atakuja, nisimwache.

Nimeshinda.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimekaa asubuhi nzima nafikiri kwa nini nimeshinda. Lazima mtu ajue sababu, ili arudie.

Jibu ni spika. Si mwanangu mwenyewe kasema wanasikilizana? Sasa pima: kama spika ndogo, zenye ugomvi, zilizozimika kabla wimbo wa kwanza haujafika katikati, zimewaweka watu mpaka jua kuzama, je, kubwa?

Nikaenda kwa Fundi. Bahati yangu, jana tu ameletewa mbili, ndefu kuliko za Bibi Ngurumo, ndefu kuliko mimi na kilemba. Anasema aliyeziuza alilia. Nikamuuliza kwa furaha au kwa huzuni. Akasema hakuna shida.

Akauliza nyumbani kumebaki nini. Tukaja pamoja tukaangalia. Akauona mkeka. Akaukunjua, akausikiliza, akatikisa kichwa. Mikeka nayo inameza, tena ndiyo mibaya zaidi, kwa sababu iko chini na sauti huanguka. Nikamwambia uchukue upesi. Kachukua na simba wote wawili.

Spika zimeingia kwa taabu, wanaume wanne na mlango umeng'olewa. Sasa sebule imejaa kutoka ukuta huu mpaka ule. Kwenda jikoni napita ubavu, nimevuta pumzi. Nimejaribu kuita ee, ukuta haukuitika. Umeheshimu.

Mshona nguo amechungulia, akauliza Jumapili wanangu na mkwe watakaa wapi. Nimemwonea huruma, mtu haelewi. Nimemwambia watu hawaji kwangu kukaa. Wanakuja kusikiliza spika.