Seva Chini ya Majani ya Migomba

Jumatatu, 6 Novemba 1995

Balaa mtaani kwetu Nshambya, hapa Bukoba! Wezi wamevunja ofisi ya jirani zetu, wakabeba kompyuta na hata kitambaa cha kuifunikia. Mama Anatolia, meneja wetu, katuita wawili ofisini kwake: mimi, Ndyamukama, mtunza kompyuta wa mradi, na Kezia, mchapaji aliyerudi juzi kutoka kozi Mwanza na hajaacha kututajia Mwanza.

Akasema seva yetu, ile kompyuta kuu inayolisha zile mbili ndogo, imebeba majina ya yatima wote tunaowasomesha, pamoja na ugonjwa uliowachukua wazazi wao. Majina yakitoka nje, watoto watanyooshewa vidole hadi darasani. Kila mmoja wetu alete mpango wa kuilinda. Atakayeshinda atakuwa Mkuu wa Kompyuta na atakabidhiwa pikipiki ya mradi.

Pikipiki! Nimeshajiona naingia nayo Kamachumu siku ya gulio, vumbi nyuma, honi mbele.

Na jingine. Jina la Kokuberwa limo humo. Mtoto wa marehemu dada yangu, naishi naye, yuko darasa la pili. Wenzake hawajui kitu. Sitaki wajue, na hilo silifanyii mzaha.

Jumanne, 7 Novemba

Nimeshinda!

Kezia alitaka kufuli mlangoni na neno la siri kwenye mashine. Nikacheka. Kufuli ndilo linalomwambia mwizi kwamba hapa kuna mali! Na mashine inayodai neno la siri imeshakiri yenyewe kwamba ina siri. Dawa ni moja: isijulikane ilipo. Nikawapa mfano wa vita. Majeshi ya Amini yalipoingia Kagera, baba alizika baiskeli yake kwenye kahawa. Hakuna askari aliyeiona. Kezia akauliza iko wapi sasa. Swali la kitoto. Baba alisahau ni chini ya mbuni upi. Lakini haikuibwa!

Kezia akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamjibu hii ni kompyuta, haiumwi. Akasema basi, nifiche nikipenda, lakini nifunge pia. Eti siri ikishajulikana imekwisha, ila kufuli hata likijulikana bado ni kufuli. Maneno ya Mwanza hayo. Mama Anatolia akanipa wiki mbili za majaribio, nadhani kwa sababu mpango wangu haugharimu hata senti.

Seva imehamia ghalani, nyuma ya jiko la ofisi. Nimeifunika kwa majani ya migomba, yenyewe na kioo chake, ikapotea kabisa. Nilipokwenda kukata majani Kezia alibaki kunishikia waya. Hata yeye anajua kashindwa.

Alhamisi, 9 Novemba

Ghala linanukia.

Nimeingia nikakuta mkungu wa ndizi umelala juu ya seva! Petronila, mpishi wetu, ndiye aliyeuweka. Kaona majani, kapapasa, kuna joto. Mama wa Kihaya afikiri nini? Kwao penye joto na majani ya migomba huivishwa ndizi za pombe.

Nilifungua mdomo nimfokee. Nikaufunga. Nikimkataza atauliza kwa nini, na nikijibu siri imetoka! Nikamsifia mkungu wake. Akasema asante waitu, neno letu la heshima, na nimwachie nafasi ya mwingine.

Jumamosi, 11 Novemba

Mkungu wa kwanza umeiva kabla ya siku zake. Petronila kawaambia wenzake kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya. Sasa akina mama wa Nshambya yote wamo ghalani kwangu. Mikungu juu, mikungu pembeni, mashine inaunguruma chini kwa taabu. Petronila anawaeleza kwamba ni jiko la Wazungu la kuivishia ndizi. Mimi nasimama mlangoni natabasamu, jino linaniuma.

Mama mmoja kaniomba niongeze moto kidogo. Nimemwahidi nitaangalia.

Kezia kapita na kikombe cha chai, akauliza siri inaendeleaje. Ana dharau huyu binti!

Jumatatu, 13 Novemba

Leo nimepanda gari la mradi hadi tawi letu la Nshamba, wilayani Muleba. Nilitaka kuikimbia kidogo harufu ya ndizi. Mzee Gamaliel, mwenye duka pale, kanikaribisha kwa kikapu cha kahawa ya kutafuna, maana kwetu mgeni hasalimiwi mdomo mtupu. Nikazamisha vidole hadi chini kabisa, kama afanyavyo kila mtu, kutafuta punje nene.

Mzee akaniuliza kwa heshima zote kama ni kweli nafanya kazi kwenye ile ofisi ya Bukoba yenye mashine ya kuivisha ndizi. Shemeji yake kapeleka mikungu miwili.

Nimemeza kahawa bila kuitafuna. Nshamba! Habari imefika Muleba kabla yangu, na haikupanda gari.

Jumatano, 15 Novemba

Yesu wangu.

Ayubu, kijana wa jirani, alifuata ndizi za mama yake. Akahamisha mikungu, akafunua majani, akaona kioo. Akapiga kelele kwamba kumbe Wazungu wameficha televisheni! Nilipofika ghala lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na Ayubu kaweka kidole kwenye kitufe.

Nilijua kitakachofuata. Sikuweka neno la siri. Ni kubonyeza tu na majina yanamwagika, na nusu ya waliosimama pale wana watoto darasa moja na Kokuberwa. Nilimwona mtoto wangu akilini na sweta lake la bluu, amekaa peke yake kwenye dawati. Nikafumba macho.

Nikasikia kitufe kikibonyezwa. Kisha Ayubu akalalamika kwamba hii televisheni inadai neno la siri.

Kezia! Siku ile nakata majani, alikuwa ameshaliweka!

Ayubu akajaribu "ndizi". Ikakataa. Akina mama wakamshauri ajaribu "rubisi", pombe yenyewe ya ndizi. Ikakataa. Nikalia machozi mbele yao wote, sioni aibu kuandika. Petronila alidhani nalilia ndizi zilizopondwa, akanipa moja.

Alhamisi, 16 Novemba

Seva imerudi ofisini. Mlango una kufuli kubwa, mashine ina neno la siri, na kila mtu mjini anajua ilipo. Mama Anatolia anasema wajue tu.

Kezia ndiye Mkuu wa Kompyuta. Kapiga honi getini bila sababu yoyote. Lakini ndiye aliyeniombea nisifukuzwe, kwa hiyo leo simsemi vibaya. Kanipa neno la siri jipya, refu kama mahubiri ya Ijumaa Kuu, akanionya nilihifadhi kichwani na si popote pengine.

Jumapili, 19 Novemba

Nimetafakari ibada nzima. Kosa langu nimeliona: majani! Kuficha hakuna ubaya, nilikosea mahali tu.

Na hiyo habari ya kichwani haifai. Kichwa husahau, mfano ni baba na baiskeli. Nimeliandika neno la siri kwenye karatasi, na jina la mashine juu yake nisije nikachanganya, nikaikunja ndogo na kuificha. Si chini ya godoro, si sandukuni, huko ndiko wezi huanzia. Iko chini ya punje, ndani ya kikapu cha kahawa mezani sebuleni, wazi kabisa! Nani atatafuta siri hapo? Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hata Mwanza hawafundishi hili.

Nasikia sauti sebuleni. Petronila kaja na Ayubu na akina mama wa kwaya kunipa pole, wamebeba rubisi ya zile ndizi. Nikimaliza sentensi hii natoka kuwasalimu. Kokuberwa ana adabu mtoto huyu! Hata sijamtuma, ameshawapitishia kikapu.