Monita ya Pili Dirishani

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Kwa muda mrefu nimeshindana na swali hili: mtu akimwona mwenzake akicheza, huingiwa na tamaa ya kucheza, au hushiba kwa macho? Chuoni Dar es Salaam ningeliandikia insha. Hapa Gisenyi nimepewa hadi Jumapili.

Dada yangu Nyirarukundo, mwenye nyumba, alisema bila kupandisha sauti, jambo ambalo ni baya zaidi. Chumba cha mbele kinakaliwa na kompyuta moja ya michezo na mteja mmoja, ilhali cherehani zake zinalowa barazani. Jumapili baada ya ibada atachungulia. Akikuta viti vitupu, kompyuta itahamia chini ya kitanda changu.

Nilimjibu kwamba upungufu si wa kompyuta bali wa monita. Mbili zitaketisha wachezaji wawili. Akauliza nani kaniambia. Nikasema ni mantiki.

Monita ya pili nimekwisha kuipata, kwenye mradi uliofunga ofisi. Inanuka panya. Evode, ambaye huvuka mpaka kila siku, ataleta kebo yenye vichwa viwili kutoka Goma. Mvua haijakoma. Ziwa halionekani.

Jumatano, 10 Novemba

Kebo imefika. Monita zote mbili zikawaka. Furaha iliyoje! Ikadumu kwa muda wa kupangusa miwani. Picha ni ileile. Gari lilelile, barabara ileile, huku na huku. Nikachomoa, nikachomeka. Mapacha.

Nilifikiri kwa makini, pengine kuliko inavyofaa. Kagabo, karani wa serikali, ambaye ndiye mteja wangu wa pekee, alikaa mbele ya monita ya kwanza. Faradji, muuza chai wa ng'ambo ya barabara, nilimkalisha mbele ya pili na kumpa kibodi ya zamani. Waya wake unaishia nyuma ya pazia. Haukuunganishwa na chochote.

Faradji aliendesha kwa ustadi! Alilala na kila kona. "Madame, ona vile niko nakata virage! Mi ni shofere wa kuzaliwa!" Gari lilipopinduka, alilaumu barabara. Kisha Kagabo akatoka kwenda msalani, na gari likasimama. Faradji akabonyeza hadi jasho likamtoka. Akaufuata waya kwa kidole. Akafika kwenye pazia.

Aliniita mwizi mwenye diploma. Nilimweleza kwamba alikuwa amefurahi kweli, na furaha ile hakuna aliyemnyang'anya. Hakuridhika. Bado sina hakika ni nani kati yetu aliyekosea.

Ijumaa, 12 Novemba

Mpango mpya. Ikiwa picha ni moja, basi monita ya pili iwe tangazo. Nimeigeuza dirishani: kisogo kwetu, uso barabarani. Wapitao wataliona gari likikimbia, tamaa itawapanda, wataingia.

Kufikia mchana watu walijibanza chini ya paa hadi kuziba njia: wachuuzi wanaotoka mpakani na mabeseni yao, waendesha baiskeli, mwanamke na kuku wake. Hakuna aliyeingia. Nilijifariji kwamba tamaa huchukua muda kuiva.

Jumamosi, 13 Novemba

Balaa! Sikuzingatia kwamba Kagabo huja kwangu kwa sababu hapa haonekani. Ofisini watu humwogopa. Kwangu huangusha magari. Leo alipotumbukia mtaroni, barabara nzima ililipuka kwa kicheko.

"Frein! Kanyaga frein, gari isimame, we mutu!"

"Huyu permis ya kuendesha alipewa na nani?"

"Hata mbuzi tusimupe achunge!"

Nilimhakikishia kwamba wa nje wanaliona gari tu, hawamwoni yeye. Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kama kicheko kile kilikuwa cha gari. Akavaa koti. Sidhani kama atarudi.

Bila mchezaji, gari likasimama. Umati ukaanza kutawanyika. Nikakaa mwenyewe na kuendesha, wasije wakaondoka kabla tamaa haijaiva.

Na Faradji je! Ametoa mabenchi yake, akayapanga chini ya dirisha langu, akafunga na turubai juu. Anawauzia watazamaji wangu chai. Akaniletea kikombe, akitaka tusameheane: "Madame, we endesha tu. Watu, mi nitawachunga."

Chai ilikuwa nzuri. Hilo liliniumiza zaidi.

Jumapili, 14 Novemba

Dada amechungulia. Ndani, viti vitupu na mimi. Nje, watu kama wa harusi. Alitazama ndani, akatazama nje, akatazama tena ndani. Kisha akatabasamu, mara ya kwanza tangu mvua zianze. Nikadhani nimeokoka.

Aliamuru cherehani ziingie. Magauni yatundikwe dirishani, pande zote mbili za monita. Kompyuta ibaki, nami nibaki nayo, niendeshe tangu asubuhi hadi umeme ukatike.

"Mdogo wangu, umesoma sana," alisema. "Leo imesaidia."

Jumanne, 16 Novemba

Magauni yanatoka. Mchezo, hakuna anayeuliza. Nimeendesha kutwa nzima. Vidole vimekufa ganzi, cherehani zinanguruma nyuma yangu. Nikipunguza mwendo, wa nje hugonga kioo.

Nimelipima jambo hili upya. Kosa, nadhani, ni uchache wa monita. Evode anasema Goma kuna kebo yenye vichwa vinne. Nimemwagiza. Ya tatu itaelekea upande wa soko, ambako huenda watu wana hulka nyingine. Dada nitamwambia baadaye.

Swali langu lenyewe halijajibiwa. Ushahidi unaelemea upande wa kushiba kwa macho, lakini ni ushahidi wa juma moja, tena la mvua. Wenye jibu wako nje, na kila nikifungua mlango niwaulize, hutimka wakidhani natoza kiingilio.

Leo nilitoka polepole. Wakatimka. Alibaki mama mmoja aliyejitwika beseni la dagaa, mzigo usioruhusu mbio. Nikamwuliza, kwa heshima zote, kama hajapata hata siku moja kutamani kuingia acheze.

Alinyoosha shingo, akalitazama gari dirishani nyuma yangu.

"Bon, Madame," alisema, "rudia ndani kwanza. Voiture imesimama."

Nikarudi ndani.