Hongera, Umepata Kiwanja

"Kwa hiyo jicho limevimba lenyewe tu, kama andazi?" Febronia aliuliza, upawa mkononi.

"Nimeshasema ni vumbi," Kamusi alijibu.

"Vumbi gani lenye utomvu? Umeng'oa minyaa yangu, Laurian! Uzio mzima wa upande wa jabali. Mbuzi wa mtaa wamepita humo tangu alfajiri, alizeti yangu imebaki vijiti."

Waliokaa kwenye benchi la uji wakaziangalia bilauri zao. Laurian walimwita Kamusi kwa sababu hakuna neno, la lugha yoyote, alilowahi kukiri kwamba halijui. Kando yake alikaa Eliya wa bodaboda, ambaye pale Mandewa jina lake lilikuwa Taarifa. Habari ikitoka leo, yeye alikuwa nayo tangu jana, na ya kwake ilikuwa kubwa zaidi.

"Mama Ritha, wewe umechelewa," Taarifa alimwambia Febronia. "Mtaa umeshapimwa."

"Na nani?"

"Wazungu wawili, Jumanne. Mke na mume. Nimewabeba mwenyewe, mishikaki, wote wawili nyuma yangu. Mmoja kashika simu, mwenzake kashika kidude cha jipiesi, kile kinachoongea na setilaiti. Wamelizunguka jabali hili mara tatu. Mara mwanamke akaingiza mkono kwenye ufa, akatoa kopo. Ndani, daftari! Wakaandika, wakapigana picha, wakalirudisha, wakaondoka wanacheka."

"Na nyie mkalitoa."

"Tuliache? Daftari la upimaji?"

Kamusi akainama, akalitoa kopo la plastiki chini ya benchi kwa mikono miwili, taratibu, kama aliyebeba sakramenti.

"Mimi nilisoma ukurasa wa kwanza," alisema. "Neno la kwanza ni Kongratuleshenzi. Maana yake, hongera. Linalofuata, umepata. Hongera, umepata! Sasa niambie, mtu anapongezwa kwa kupata nini mahali palipopimwa na setilaiti? Mbaazi? Ni kiwanja!"

"Ndipo mkajiandikisha."

"Kwa utaratibu. Mimi ndiye katibu."

Febronia akamnyang'anya daftari. Mwanzoni kulikuwa na majina manne ya kigeni yenye tarehe za mwaka ule wa 2010. Baada ya hapo ilikuwa Mandewa tupu. Taarifa alijiandikisha mara mbili, mara ya pili kwa jina la mtoto ambaye mkewe bado hajambeba. Katekista alikuwa amegonga mhuri wa kigango. Mzee Yeremia, waliyemzika mwaka juzi, alikuwa ameweka dole gumba.

Juu ya wenyeji wote, kwa mwandiko wa kujipinda: *Laurian, kiwanja namba moja, kuanzia jabali hadi mabanda ya kuku.*

Mabanda ya kuku yalikuwa yake Febronia. Eneo lile alilinunua kwa miaka saba ya kuamka saa kumi kukoroga uji. Hati hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni karatasi ya ofisi ya mtaa iliyoliwa na mchwa pembeni, na ule uzio. Ikiwa daftari hili ni la kweli, basi watoto wake watatu wanalala kwenye kiwanja cha Kamusi.

"Umeniandika wapi mimi?" aliuliza.

"Ulikuwa sokoni," Kamusi alisema. "Lakini usiogope, nitakupa sehemu ya kuuzia uji. Kwa makubaliano."

Kabla hajamjibu, alifika Chetan, kijana wa duka la simu, chupa yake ya chai mkononi. Pale kijiweni walimwita Vocha.

"Shikamooni."

"Marahaba. Vocha, njoo usome hapa. Usome kilichoandikwa, si kinachotakiwa."

Vocha akasoma. Akarudia. Akaweka chupa chini ili acheke vizuri.

"Huu ni mchezo, Mama Ritha."

"Mchezo gani?"

"Mtu anaficha kopo, anaweka namba za mahali hapo kwenye intaneti. Wengine wanazifuata kwa simu au jipiesi. Ukilipata unaandika jina, unachukua kitu, unaacha kitu, unalirudisha."

"Kisha?"

"Kisha basi."

"Kisha basi!" Febronia akapiga kofi paja lake. "Watu wazima, na meno yao yote, wanapanda ndege kuja Singida kutafuta kopo lililofichwa na wenzao! Mimi nikimtuma Ritha atafute mwiko uliopotea ndani ya nyumba, ananuna hadi jioni."

"Na huyu chura wa plastiki?" Taarifa aliuliza, akimtoa kwenye kopo.

"Zawadi."

"Kamusi! Ulituambia ni mhuri wa wizara!"

"Nilisema anafanana."

"Ulituambia tumbusu!"

Benchi likalipuka. Kamusi akakohoa, akajiweka sawa. "Lugha ni pana. Neno kupata lina maana nyingi."

"Na kung'oa lina maana moja," Febronia alisema. "Wazungu wanacheza na kopo lao, wanalirudisha walipolikuta, wanakwenda zao. Hawakuvunja hata jani. Wewe umecheza siku tatu, umenilia alizeti. Nani mjinga zaidi?"

Febronia akafunika sufuria, akaweka jiwe juu ya mfuniko.

"Uji umefungwa. Kila aliyeandika jina humu, ainuke. Minyaa mliyoing'oa ipo pale kwenye lundo, haijafa. Inarudi ardhini sasa hivi."

"Sasa hivi?" Taarifa alisema. "Mimi nina abiria stendi..."

"Mwambie akusubiri. Funguo ya pikipiki uliyoiacha benchini hii hapa mfukoni mwangu."

Wakainuka. Febronia akawatangulia na jembe, akamkabidhi Kamusi. Kamusi akaliangalia, akaiangalia ardhi, akakunja uso wa kitaalamu.

"Ila mpaka ulipita wapi hasa? Tusipande kwa kubahatisha. Vocha, washa hiyo jipiesi ya simu yako, utupimie."

Vocha akawasha. Wakasubiri. Akainua simu juu, akaigeuza, akapiga hatua mbili, akarudi.

"Inasema tuko katikati ya ziwa Kindai."

"Basi," Febronia alisema, akimwonyesha Kamusi shimo la kwanza, "piga mbizi hapa."

Kamusi akapiga jembe.