Mtungi wa Bibi Waenda Chuoni

Jumatatu, 3 Machi
Nimevunja mtungi wa bibi. Vipande kumi na kimoja! Bibi yuko kwa shangazi, anarudi Jumamosi. Alishaniapia: nikiuvunja tu, nitafute pengine pa kulala. Bibi hatanii. Lakini kichwa hiki si cha kufugia nywele tu. Nimevifukia vipande nyuma ya choo. Keshokutwa nitavigundua. Chuoni wanapenda vitu vya kale. Wakiviweka kwenye kabati la kioo, bibi atapiga vigelegele badala ya kunipiga mimi.

Jumatano, 5 Machi
Nimegundua! Nikaviosha kwa sabuni vikang'aa, nikavipeleka. Mama Mashimo, yule mwalimu anayefukua mambo ya kale, alishika kichwa. Eti nani kakutuma uoshe, mwanangu? Uchafu ndio tunaousoma! Shuleni nilifukuzwa kwa uchafu, kumbe nilikuwa maktaba. Kisha akapapasa kingo, akacheka: huu mpasuko ni wa juzi. Nikaumbuka. Ila akanionyesha kitu ndani ya shingo ya mtungi. Alama ya kidole gumba cha mtoto, ndogo kama punje ya kunde. Miaka yote nachota maji humo, sikuiona!

Alhamisi, 6 Machi
Leo nikaingizwa kwa Bwana Mawe, mtaalamu wa miamba. Alama ya mtoto haikumshughulisha. Akaweka chembe ya mtungi chini ya hadubini, akasema mchanga huu ulikuwa mlima kabla hajazaliwa mtu wa kuupanda. Nikachungulia. Nyota tupu! Nikagoma kuondoa jicho.
Mwalimu wa historia, mlango wa tatu, vipande hakuvitazama. Akauliza mtungi ni wa nani. Nikasema wa bibi, marehemu. Mungu anisamehe. Akasema habari ya mtu mmoja haitoshi, akataka namba ya ndugu mwingine. Nikampa ya shangazi. Akapiga. Marehemu akapokea mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Bibi kaingia, salamu hakuna. Walimu wote watatu sebuleni, vipande mezani. Akaviangalia, akaniangalia. Nikaanza kukunja shuka langu kimoyomoyo.
Mwalimu wa historia akamwomba, shikamoo mama, tusimulie. Bibi akasema alikuwa na miaka sita, mama yake anafinyanga, naye akabonyeza eti anasaidia. Mama akakataa kuisawazisha ile alama. Bibi akaweka gumba lake la leo, limekunjamana, juu ya lile la jana. Bwana Mawe akavua kofia. Mlima, moto, mama, mtoto, vyote humo. Na mimi nimevipiga kiwiko!
Hukumu: nitalala ndani, ila nitagundisha vipande vyote, Mama Mashimo akinisimamia.

Jumapili, 9 Machi
Mwalimu wa historia kanidokeza kwamba barua za zamani ndizo ugonjwa wake. Nimechemsha chai ya rangi, nimeloweka karatasi tano zizeeke, ziko juani. Babu atakuwa ameandika. Bibi anasema babu hakujua hata herufi moja. Hiyo si shida, hati yangu nayo haisomeki, inafaa kabisa.